Maisha ya Bi Daftari, Karani wa Malalamiko

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, binti yake wa pili, heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Daftari, jina aliloliitikia upesi kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari, na mwaka 1976 akahitimu chuo cha makarani, ambako mwalimu alimwandikia kwenye cheti kwamba ana mwandiko mzuri na maswali mengi.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa na manispaa, akawekwa dirisha la malalamiko, mwisho wa korido, jirani na choo, na hapo ndipo alipomfahamu baba yetu, fundi bomba, aliyekuja mara kumi na moja kulalamikia mtaro ulioziba, hata alipokuja tena Mama akamuuliza, "Kaka, ni mtaro tu unaokuleta?" naye akajibu, "Mtaro ulizibuliwa wiki tatu zilizopita, dada." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Mwaka 1994 manispaa ilikusanya maoni ya wakazi kuhusu maji, taka na barabara, ripoti ikasema wanane kati ya kumi wameridhika, lakini Mama, aliyepewa kuipiga chapa, aliona kwamba nyumba zote zilizohojiwa ziko kwenye lami, hakuna hata moja ya mtaa wa bondeni, kusikofika lami. Mwaka huo Baba alikuwa kitandani kwa maumivu ya mgongo, sisi wote tuko shule, na neno moja tu lingetosha kibarua chake kuota nyasi, ila tarehe 14 Juni, kikaoni, alinyoosha mkono, akasema, "Mheshimiwa mkurugenzi, bondeni hamkufika."

Mkurugenzi akamjibu, "Basi nenda wewe," akidhani amemkomoa.

Kwa wiki sita, kila atokapo kazini, alishuka bondeni viatu mkononi na daftari kwapani, lile lililompa jina, akapiga hodi nyumba mia nne na kumi na mbili, wala hakumuuliza mtu kama ameridhika, aliuliza, "Leo asubuhi maji umeyatoa wapi?" Bibi mmoja mfua nguo alimwambia, "Mwanangu, miaka ishirini niko hapa, leo ndiyo kwanza manispaa inanijua," wakacheka mpaka wakakaa chini.

Majibu yale yalisomwa mbele ya madiwani, wakabishana siku mbili, na Februari 1996 mabomba manne yakafunguliwa bondeni, gari la taka likaanza kupita Jumanne na Ijumaa. Barabara haikujengwa, naye aliiandikia manispaa barua kila mwaka hadi alipostaafu 2012, bila kinyongo, akisema wakubwa nao ni watu, wanasahau.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa kwa subira, na tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, alifariki usingizini, Baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa manispaa, majirani, nanyi watu wa bondeni, mliofika hapa alfajiri mkafagia uwanja na kupanga viti bila kuombwa na mtu.

Mama, uliishi ukiwa na furaha, nasi tulishiba furaha yako. Lala, upumzike kwa amani.