Mwalimu Amolo na Uvimbe Uliokataa Kunywea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Awuor Amolo wa Yamumbi, hapa Eldoret. Alifundisha biolojia miaka ishirini na minane. Alituacha Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini.

Nilitaka kujua, ni mtu wa aina gani huomba kuutazama ugonjwa wake kwa macho yake mwenyewe? Nikaenda nyumbani kwao.

Binti yake, Ayoo, alinipa chai. Akaniambia ilianza miaka sita iliyopita. Hedhi ya mama ilikuwa imekoma kitambo, lakini tumbo lilikuwa linakua. Sketi zikakataa kufunga. Kliniki ya kwanza wakasema ni fibroidi, uvimbe wa kawaida wa kizazi, utanywea wenyewe.

Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa umezidi. Akarudi.

"Mama alimuuliza daktari," Ayoo anasema, "'Hedhi ikikoma, homoni hupungua na fibroidi hukosa chakula. Sasa hii yangu inakula nini?' Daktari akacheka. Mama akachukua karatasi zake akatoka."

Akaenda hospitali nyingine. Huko, Daktari Kipngetich hakucheka. Alimwambia, "Mwalimu, hilo swali hata mimi linanisumbua. Tutatoa kizazi kizima. Hatutaukata uvimbe vipande ndani ya tumbo, kwa sababu kama ni saratani, tutaisambaza."

Ilikuwa saratani. Saratani ya misuli ya kizazi, wasikilizaji. Ni nadra sana. Inafanana na fibroidi, na mara nyingi picha peke yake hazitoshi kuitambua. Jibu la hakika lilitoka maabara, baada ya upasuaji.

Mwalimu akaomba kuiona. Chelimo wa maabara hakuwa ameombwa hivyo na mgonjwa hata siku moja. Akamwekea kiti mbele ya hadubini. Mwalimu akatazama, akatazama.

"Aki hizi seli zinagawanyika ovyo," akasema. "Hakuna inayofanana na mwenzake."

Halafu akavua miwani, akalia. Chelimo anasema alipomaliza kulia, alipangusa macho akainama kutazama tena.

Muhula uliofuata alirudi darasani. Mwaka jana saratani ikaonekana kwenye mapafu. Dawa za kemo ziliipunguza, hazikuimaliza.

Lakini kuna jirani yake, Mama Nakhumicha, aliyeimba naye kwaya. Huyu alianza kutokwa na damu ukeni akiwa na miaka sitini na miwili, hedhi ikiwa imekoma zamani. Akanyamaza. Mwalimu alipomwona anakosa mazoezi kila mara, alimuuliza wazi, kisha akampeleka hospitali mwenyewe. Yake ilikuwa saratani ya utando wa ndani ya kizazi. Ilishikwa mapema, akapona.

Nilimkuta jikoni. "Mimi niliona haya kusema," akaniambia. "Yeye hakuona haya kuuliza. Na sasa ni mimi napikia watu wa matanga yake."

Ayoo, na familia yote ya Mwalimu Amolo, poleni sana. Nanyi mnaonisikiliza, zimeni redio kidogo, mwangalie watu wa nyumba yenu. Ni nani hapo anatokwa na damu na hajamwambia mtu?