Ukihitaji Chochote, Sema Tu

Sisi watu wa Halifax hatuongei na tusiyemjua ndani ya basi, labda kuhusu mvua. Mzee aliyepakata tarumbeta alikuwa ameshaimaliza mvua, akahamia kwenye habari za jirani yake wa nyumbani.

"Siku ya mazishi ya mke wangu, jirani yangu Clough aliniambia, 'Ukihitaji chochote, sema tu.' Basi nikasema."

"Ukasema!" Mama wa koti la kijani, aliyeketi naye, alishtuka kana kwamba mzee kaungama wizi. "Mzee wangu, yale ni maneno ya adabu tu. Unajibu asante, yanaishia hapo."

"Nilikuwa na haja, bibie. Marehemu alinifokea kila nikipuliza hili dude. Sasa napuliza, nyumba kimya. Nikamwomba Clough awe anakuja kunifokea."

"Wee! Akaja?"

"Kila Jumapili. Anajitahidi, ingawa mbele ya marehemu hafui dafu."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho, lakini hakukubali. "Sote tukianza kuyashika maneno hayo, nani atathubutu tena kuwa na adabu?"

Basi likapunguza mwendo. Akainuka, akampa mzee mkono, na ulimi ukaenda wenyewe kwa mazoea: "Nimefurahi kukufahamu. Siku moja upite kwangu tunywe chai."

"Alhamisi nina nafasi," mzee akajibu.

Mlango ukafunguka. Abiria wote tukageukia madirishani kwa adabu, masikio tukiyaacha palepale. Mama alisimama ngazini, mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Na hilo tarumbeta," akauliza, "utakuja nalo?"