Maren Asiyejua Kuongea

Maren alikuwa na miezi miwili tu katika misheni huko Bolivia, na Kihispania kilikuwa bado kinampiga chenga. Siku hiyo, ndani ya basi dogo la kwenda Quillacollo, wanawake wawili wasiojuana walikaa mbele yake, wakiongea kwa sauti ya watu wanaodhani mgeni ni kiziwi.

"Mwone mmisionari huyo," alisema mwenye kapu la vitunguu. "Jumapili alisoma Injili kama anatafuna kokoto! Wametuletea mtoto asiyejua hata kuongea."

Mwenzake aligeuka kama aliyechomwa. "Mama, ishia hapo! Mume wangu alipofariki, waongeaji walijaa nyumbani. Huyu aliingia jikoni akamenya viazi gunia zima, mpaka vidole vikaota malengelenge."

"Sasa viazi ndiyo mahubiri?"

"Wewe hujawahi kufiwa."

"Nimezika waume wawili, dada!"

Maren aliinamisha uso. Ndipo alipogundua kwamba hajapitwa na neno hata moja la Kihispania chao. Basi likasimama. Akapita katikati yao, akasema kwa Kihispania kilichonyooka, "Kwaherini, mama zangu," akashuka kichwa juu, akiwaacha wakilaumiana nani alipayuka.