Kinu ya Bule

Bandugu yangu mu Bwana, minyi sijuake kuzunguka na maneno. Muone huyu mukono: haunyookake tena. Njo ushuhuda yangu.

Nilikuwa mu humanités, masomo ya sekondari, tunaishi ku camp ya bantu ba kazi ya rail. Mwanaume moya wa ku base ya baaskari, jina yake sitataja, aliomba kunioa. Nilimuambia: "Minyi niko nasoma." Akacheka. "Utasoma na uso gani?"

Asubui moya, baba iko ku kazi, mama iko ku soko. Niko jikoni, maji ya bukari, ugali yetu, inachemuka. Nasikia mulango: kwa! kwa! Ule mwanaume iko anaivunja na barre ya chuma. Akaingia, kisu mu mukono ingine.

"Leo nakukata uso. Tutaona nani atakuoa!"

Nilimumwangia sufuria yote. Akalia kama nguruwe, akanipiga ile barre. Niliona mufupa yangu inatoka inje, nyeupe. Nikakimbilia lupango, kiwanja ya nyuma. Yeye maji ilimuchoma macho, iko ananitafuta na kisu, anapiga hewa. Nataka kulia, sauti inakatala.

Pale kulikuwa kinu, haina kintu ndani. Munajua vile ba mama ba camp banasema: kutwanga kinu ya bule, unaita njala. Mutoto anapigiwa juu ya ile. Nikakamata muchi na mukono moya: du! du! du!

Jirani yetu, mama mwenye kinywa kali (muone, iko anacheka pale!), akatokea: "We mutoto! Unatuitia njala? Kichwa iko wapi?"

Kisha akaona damu. Akaruka ukuta ya lupango na muchi yake, ba mama bengine nyuma. Balimupiga ule mwanaume mpaka meno yake ikabaki mu mavumbi. Kama ba gendarme habakufika, bangemumaliza.

Ku tribunal, mu mahakama, kaka ya ule mwanaume akasimama: "Hakuiba hata kijiko!" Bantu bakaitika. Nikawaza: basi, atatoka.

Juge akamuangalia. "Citoyen, kuvunja mulango ya muntu na nia ya kumuumiza, ile yenyewe iko kosa. Hata kama hangemugusa."

Bakamufunga ule mwanaume. Lakini, bandugu, minyi njo nilibaki mu prison. Kintu ikigonga, najikojolea. Masomo, hapana. Kutoka inje, hapana.

Njo ba mama bakaleta binu byabo mu lupango yetu, bakatwanga pale kila asubui. Yule mama akanisukumia muchi: "Twanga! Mukono moya iko nguvu, tuliisikia."

Nikatwanga. Nikalia, nikatwanga. Kisha nikarudia ku masomo.

Ba mama, asante sana. Na benye kubaki, nabaambia: musingoye mwizi abebe kintu kwanza. Mulango ikivunjika, mufanye makelele. Na weye ukisikia kinu inalia bule, usikaripie. Kimbia.