Chai Niliyoikataa kwa Jina la Mungu

Wapendwa, kabla sijaanza, naomba mama aliyeshika birika aliweke chini kwanza. Nikimaliza atamimina. Ninayotaka kusema yanahusu hiyo chai, na nikiona vikombe vinazunguka nitapoteza maneno. Nimeyaandika kwenye karatasi. Mama yangu amenipa ruhusa, na ameketi pale dirishani ili nisiruke kitu.

Wengi wenu mnanijua kama yule msichana anayefunga. Tuanzie hapo.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani kusubiri kazi, na nilisubiri kwa mandazi. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi, nakunywa chai, naandika nyingine, nakunywa tena. Kichwa kikawa kinauma, nikaenda kliniki. Muuguzi akanipima, akasema sukari yangu iko mpakani, haijavuka, lakini nipunguze kilo na nipunguze sukari. Alisema hivyo tu, akamwita anayefuata. Mtu wa kawaida angeenda nyumbani apunguze sukari. Mimi nilienda kununua daftari.

Ndugu zangu, nawaambia, msinicheke bado. Mama ana ugonjwa wa sukari tangu niko shule ya msingi. Nimemwona akishika ukuta kwa sababu nyayo zake hazisikii sakafu. Kwa hiyo niliposikia "mpakani", sikusikia neno lingine. Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika Sukari, upande wa pili Vidonge, yaani vile vidonge vidogo vya kutia chai utamu, vinavyokaa kwenye kikasha unachobonyeza kimoja kinaangukia kikombeni. Nilisoma kwa simu na kuandika. Mmoja anasema sukari itakumaliza, tumia vidonge. Mwingine anasema vidonge vitakufanya utamani utamu zaidi, afadhali sukari kidogo. Wa tatu anasema wote wawili wamekosea. Siku moja nilipasha kikombe kimoja mara tatu nikiamua niweke nini, kisha nikakimwaga.

Na mimi nimesomeshwa na miwa. Marehemu baba aliipanda mpaka karibu na mlango wa jikoni. Kila nilipoandika ubaya wa sukari nilisikia kama namsema yeye.

Nyumbani kulikuwa na nafuu kwa sababu mpishi ni mimi. Shida ilikuwa kwa watu. Mnajua chai yetu. Maziwa, majani na sukari vinachemka sufuria moja, na ukiingia kwa mtu kikombe kiko mkononi kabla hujakaa vizuri. Ukikataa, umemkataa mwenye nyumba. Ukitoa kikasha chako, umechelewa, sukari tayari imo. Na wataona, watauliza una ugonjwa gani, na kufikia kesho habari imefika Mumias. Nilifikiria nani atanioa. Nilifikiria hata mwajiri ambaye hajafungua barua yangu, jinsi atakavyosikia.

Jumatano moja, kwenye maombi ya nyumbani, kikombe kilinifikia kimejaa mpaka ukingoni. Watu wananitazama. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Asante mama, nimefunga."

Kikombe kikaondoka. Mama aliyenipa akainamisha kichwa, akaniambia Mungu akutie nguvu, mtoto wangu. Hakuna aliyenisukuma tena. Wapendwa, hata siku ya mahafali sikupewa heshima ile.

Wiki iliyofuata nilisema tena. Lakini ukishasema umefunga, huwezi kuonekana soko la Khayega saa nane unatafuna mahindi ya kuchoma. Nikaacha kupita sokoni. Tuna jirani mmoja, mama ambaye birika lake halikauki, aliyekuwa akiniita kila nikipita. "Wewe msomi, unapitanga tu kama hatujuani? Ingia unywe chai." Nikaanza kuzunguka nyuma ya boma lake, ndani ya miwa, nikitokea upande wa pili na majani kwenye nywele.

Kisha mkaanza kuniletea mahitaji yenu niyaombee. Mzee mmoja alinishika mkono akalia kwa ajili ya mwanawe. Mchungaji akanisimamisha mbele, hapa hapa niliposimama leo, akawaambia vijana waniige. Tumboni nilikuwa na obusuma, ugali wetu, na mboga mbili, nilivyokula jikoni mchana mama akiwa amelala. Ningesema nini? Ningekiri, yule mzee angeambiwa nini? Nisingekiri, Jumatano ingekuja tena. Nilianza kuhesabu siku za wiki kama mtu aliye rumande. Daftari likapata safu ya tatu: niliyemwambia nimefunga, na siku gani, nisije nikajichanganya.

Wakati huo nilikuwa nimetoa sukari yote nyumbani. Nilisema ni kwa afya ya mama. Kopo la sukari nililigawa pamoja na kilichokuwamo, na mahali pake nikaweka kikasha cha vidonge. Mama alionja, akasema utamu huu unabaki kwenye ulimi kama dawa, akanywa hivyo hivyo. Alikuwa amesikia hapa kanisani kwamba binti yake anafunga, na kwa akili ya mzazi akaona ni kwa ajili ya kuomba kazi. Sikumwambia hivyo. Wala sikumwambia sivyo.

Ijumaa moja, saa kumi hivi alasiri, niko chumbani na simu, nasoma habari za vidonge. Nikasikia sufuria ikianguka jikoni. Nilimkuta mama amekaa sakafuni, nguo imeloa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake. Nilimuuliza amekula nini. Alijibu polepole sana kwamba hajala, ni siku ya pili, anafunga pamoja nami, na sahani ninazomwachia anawapa kuku. Nikauliza dawa. Dawa alikuwa amemeza asubuhi, kwa maji matupu.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, mwenye shahada. Nilichukua chai yangu iliyokuwa mezani, nikabonyeza vidonge vitatu ndani, nikapiga magoti nayo mbele yake. Hapo ndipo nikakumbuka. Vile vidonge havina sukari. Nilikuwa nimeandika hivyo kwa mkono wangu, kama sifa yao. Nikasimama kutafuta sukari, nikakumbuka haipo. Kisha nikajiuliza, hata ingekuwapo, mtu mwenye ugonjwa wa sukari anapewaje sukari? Na kama sukari ya mwilini ndiyo iliyopanda, si nitamuua? Nikashika simu nisome. Bando limeisha. Nikabaki nimesimama katikati ya jikoni. Miwa inagusa dirisha, ndani ya nyumba hakuna hata chembe ya sukari, mama anateleza ukutani, na mimi bado nalinganisha.

Sijui nilisimama muda gani. Ndiyo sehemu ninayoiota.

Kisha nilikimbia. Sikupita barabarani. Nilikata ndani ya miwa, kwa ile njia niliyokuwa nikijifichia, nikatokea kwenye jiko la yule jirani. Nilisema tu "mama", naye akanyakua birika na kikombe tukarudi tukikimbia, chai ikimwagikia miguu yetu. Alipofika alimwangalia mara moja.

"Huyu sukari imeshuka. Mpe chai."

"Lakini ana ugonjwa wa sukari," nikasema.

"Najua. Ndugu yangu alikuwanga nao. Mshike kichwa."

Alimuuliza kwanza kama anaweza kumeza. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akamnywesha kidogo kidogo, ile chai yake ya sukari nyingi ambayo nilikuwa nimeikataa kwa jina la Mungu kwa miezi. Kikombe cha kwanza, nusu ya pili. Jasho likaanza kukauka. Kisha mama akanitazama, akaniita kwa jina langu.

Tulimpeleka hospitali mjini, wakamlaza mpaka kesho yake. Asubuhi akaniuliza ni nini hasa nilikuwa namwomba Mungu siku zote hizo, maana yeye alikuwa akiitikia amina bila kujua mwanzo wake. Ndugu zangu, hapo sikuweza tena. Nilimwambia sikuwahi kufunga hata siku moja. Nilimwambia nilikuwa naogopa chai.

Alikunja ukingo wa shuka, akaukunjua. Kisha akasema, "Kwa hiyo niliyefunga ni mimi peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Pale wodini nilimuuliza muuguzi swali langu la mwaka mzima, nichague ipi, sukari au vidonge. Akaniuliza nakunywa vikombe vingapi kwa siku. Sikujua. Nilikuwa na daftari zima na sijawahi kuhesabu vikombe vyangu mwenyewe. Alicheka, akasema kwa mtu kama mimi hata vidonge si dhambi, lakini nianze kwa kuuzoesha ulimi utamu mdogo. Kuhusu mama alisema bila kucheka: asikose chakula akishameza dawa, na sukari isikose ndani ya nyumba. Kopo limerudi. Liko rafu ya juu, na mama ndiye anayejua kiasi kilichomo.

Nisiwadanganye kwamba nimepona kufikiria. Juzi nilisimama dukani mbele ya mikate mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Lakini daftari nimelitumia kuwashia moto jikoni, na sasa napita mbele ya boma la jirani.

Nawashukuru muuguzi yule, na mama jirani, ambaye ameniambia nikimtaja jina ataondoka. Mama yangu, ahsante kwa kuniruhusu. Mchungaji, nisamehe, ulinifanya mfano nisiostahili. Na wewe mzee wangu uliyelia, uko pale nyuma, nakuomba msamaha kuliko wote. Mwanao niliahidi kumwombea, na sikumwombea mpaka siku ile hospitalini. Tangu hapo nimemwombea kila asubuhi, nikiwa nimekula.

Ninachowaachia ni hiki. Ukitaka kufunga na unameza dawa, muulize daktari kwanza. Na ukiwa na hofu, iite kwa jina lake mbele ya watu wa nyumbani kwako, kabla mmoja wao hajaanza kuiombea pamoja nawe akidhani ni imani.

Sasa, mama, shika birika lako umimine. Kabla hatujaanza ibada nilipita jikoni nikaomba kikombe changu kitengwe kabla ya sukari kutiwa, na mama wa jikoni akauliza kwa nini, nikamwambia. Haikuchukua hata dakika. Nipeni kikombe. Leo sijafunga.