Mara ya Tatu, Fundi Hiribae Amestaafu Kweli

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Fundi Hiribae Dukicha wa karakana ya Garsen alistaafu tarehe 31 Machi 1958. Wafanyakazi wenzangu, najua mnacheka. Tumeshamuaga mara mbili na kula mbuzi wawili, na mara zote mbili alirudi chini ya gari kabla sufuria hazijaoshwa. Safari hii ni kweli. Nimeona kwa macho yangu, na mimi Uledi, mtunza stoo, si mtu wa kuamini upesi.

Fundi ni mzaliwa wa Wema. Alianza kazi kama utingo, wakati magari katika bonde hili yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Vita vilipokuja alichukuliwa na karakana ya jeshi, na huko ndiko alikojifunza injini za dizeli. Vita vilipokwisha, kampuni yetu ilinunua malori matatu kwenye mnada wa jeshi. Yalikuwa yameshachoka kabla hayajafika kwetu. Mawili aliyachinja pole pole ili moja liishi, na hilo moja ndilo hili tunaloliita Sajini, linalotulisha sote mpaka leo. Mkanda wa feni yake ni ngozi ya ng'ombe iliyosukwa na Waorma. Starta yake haijawahi kufanya kazi tangu tulijue.

Gari lisilo na starta huegeshwa mteremkoni, na Garsen haina mteremko. Ukimwaga maji hapa, yanakaa pale pale yakikutazama. Basi Fundi akatujengesha kilima nyuma ya karakana. Tulibeba udongo kwa karai kiangazi kizima, huku yeye akikagua kama bwana harusi anayekagua nyumba, mpaka kikatosha Sajini kuteremka na kuwaka. Mgongo wangu unakijua kilima hicho vizuri.

Tulimuaga mara ya kwanza mwaka 1956. Hata wiki haijaisha, dereva wetu Abduba Sora akapakia samli ya mfanyabiashara Issack Adow kuipeleka Madogo. Samli ilikuwa kwenye madebe na dizeli yetu ya akiba pia ilikuwa kwenye madebe. Kwa jua la mchana samli ya huku huyeyuka ikawa nyepesi na ya manjano, nawe ukiwa na haraka huoni tofauti. Abduba aliongeza debe zima kwenye tangi. Sajini lilikwenda vizuri hadi jioni, likinukia kama jiko la sikukuu. Alfajiri baridi ikaingia, samli ikaganda kwenye mabomba na chujio, na gari likagoma katikati ya nyika. Fundi alifuatwa kwao Wema, ng'ambo ya mto, kwa mtumbwi. Alinusa chujio, akatuuliza ni nani kati yetu anayekaanga maandazi, kisha akavua shati na kuingia chini. Issack naye aliuliza kama sasa gari litaanza kutoa maziwa. Maskini Abduba akaitwa Abduba Samli tangu siku hiyo.

Mara ya pili ilikuwa mwaka uliofuata, na mto ukafurika. Wafugaji wa uwandani wakakimbilia mahali pakavu palipobaki, yaani kilima chetu, wakakijaza ndama, wazee na watoto. Sajini lilikuwa juu yake, na hapakuwa na hata nafasi ya kulisogeza. Maji yalikuwa yanaifunga njia. Fundi akaja bila kuitwa. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akalizungushia kamba, akawapa vijana wa Kiorma waivute kama wanavyovuta maji kisimani, kwa wimbo na kwa pamoja. Injini ikawaka, ndama wakasogezwa, na wazee na watoto wakatolewa salama. Tulimshangilia sana. Hakuna aliyetazama jinsi alivyokuwa akikohoa.

Mkewe, Mama Mbodze, alikuwa anatazama. Alikuja ofisini na maneno ya daktari: moshi umeshika kifua cha Fundi, na msimu mwingine mmoja chini ya magari huenda ukawa wa mwisho. Alisimama mlangoni mwa stoo akaniambia, “Bwana Uledi, mimi nataka mume, sitaki fundi. Gari yenu kama inataka mume, itafute wake.” Nilijua kwamba Sajini likikwama tena atarudi, na hakuna mke wala daktari atakayemzuia.

Basi kwa miezi mingi Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono ameifunga ndani ya kikoi, akimfundisha Abduba kwa mdomo tu. Abduba alitukanwa na kurudishwa mwanzo, akavumilia. Alikuwa na deni la debe moja, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe.

Siku ya kuaga ilipofika, Mama Mbodze alitoa sharti. Mumewe hatakuja kwenye sherehe kwa mtumbwi. Sajini limfuate Wema, na yeye asiliguse. Lisipofika, Fundi atajua kwamba bado tunamhitaji, na yeye Mama Mbodze atajua ni gari gani litakalomfanya mjane.

Tuliondoka asubuhi, Abduba kwenye usukani nami nyuma. Tulivuka kwa kivuko, tukaanza kupanda ukingo wa ng'ambo, na hapo hapo Sajini likakohoa mara mbili na kuzima. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mafuta. Kilima tulikuwa tumekiacha upande wa pili wa mto. Abduba alishuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati ya pampu ya mafuta na kuminya mpini wa pampu hiyo mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka safi. Akakaza nati. Kisha akarudi kwenye usukani, akaingiza gea ya kurudi nyuma na kuniambia, “Toa mawe, Bwana Stoo. Halafu omba Mungu.”

Nyuma yetu kulikuwa na mto tu. Nilitoa mawe. Gari liliteremka kinyumenyume kuelekea majini, likiongeza kasi, nami nikafumba macho, kwa sababu kama lingezama basi na Fundi tungekuwa tumempoteza. Abduba akaachia klachi. Likashtuka, likanguruma, likasimama magurudumu ya nyuma yakiwa yameshalowa. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kushusha pumzi ndefu namna ile.

Wema tulimkuta Fundi ameketi nje ya nyumba, tayari amevaa kanzu. Aliyatazama magurudumu yaliyolowa, akaitazama mikono ya Abduba iliyojaa dizeli, akaelewa yote. Alimwita “Fundi Abduba”, akapanda mbele upande wa abiria, na Mama Mbodze akakaa kati yao, amejipanga vizuri kama ukuta.

Kwa miaka yote niliyosafiri naye, Fundi Hiribae hakuwahi kufumba jicho ndani ya gari; alikuwa akisikiliza injini. Siku hiyo, kabla hatujafika kivukoni, alikuwa amelala. Alilala juu ya kivuko, akalala kwenye mashimo, tukafika kwenye sherehe akikoroma kwa amani. Mama Mbodze alituinulia kidole tunyamaze. Abduba hakuzima injini, Fundi asije akaamshwa na ukimya. Wageni wakangoja, nyama ikapoa, na hakuna aliyelalamika.

Ahsante, Fundi, kwa kila safari uliyoturudisha nyumbani. Tunakuombea kifua chepesi, mavuno mema Wema na usingizi mrefu. Na siku upepo ukikuletea sauti ya Sajini likikohoa, geukia upande wa pili uendelee kulala. Abduba yupo.