Moshi wa Alfajiri

Fundi cherehani alikuwa kwenye kiti cha mbele basini, mtandio hadi machoni. Nyuma yake mama mmoja, mwanawe mapajani, alikuwa akizungumza na muuguzi aliyekutana naye safarini.

"Jirani yetu huchoma vipande vya nailoni alfajiri. Mstaarabu, hataki kutukera mchana."

"Ustaarabu gani huo? Alfajiri hewa imetulia. Moshi haupandi, unalala madirishani kwenu. Mwambie aache kabisa."

"Nitaanzaje? Sare ya huyu alimshonea bure."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake basi lilisimama. Mama akainuka, akamwona, akaduwaa.

"Kumbe upo, fundi. Mwamkie, mwanangu."

Mtoto alifungua kinywa, kikohozi kikamkatiza. Fundi akaitikia marahaba kabla salamu haijatoka.